Samaki si Maharage: Historia ya Maji ya Shule Yetu

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani,

Mhariri wa gazeti letu aliponitaka nichangie makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nilidhani angependa niandike juu ya timu ya mpira ya 1976, au juu ya shamba la alizeti, au juu ya walimu wakuu waliotulea. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na wenzangu wenye kumbukumbu njema kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo dogo, nalo ni tangi la kioo la samaki lililokuwa katika maabara ya Biolojia, na maji tuliyoyatia ndani yake. Najua wapo watakaocheka. Na wacheke. Lakini habari ya tangi lile ni habari ya maji ya Singida, na maji ya Singida yameniachia deni kwa mwenzetu mmoja. Deni hilo nataka kulilipa hapa, mbele yenu nyote.

MAJI TULIYOYAKUTA

Sote twaikumbuka Singida: majabali yaliyorundikana kama yamepangwa na mtu, alizeti, kuku, upepo wa mwezi wa saba, na maziwa mawili yaliyo kando ya mji, Singidani na Kindai. Mgeni akishuka kwenye basi huona maji mengi akadhani amefika penye neema. Mwenyeji humcheka, maana maji hayo yana chumvi. Maziwa yale hayana mto unaotoka. Mvua huingiza maji pamoja na madini yaliyooshwa kutoka katika mawe na udongo, kisha jua hukausha maji na kuyaacha madini. Kazi hiyo imeendelea kwa maelfu ya miaka, na haijakoma.

Kwa hiyo watu wa mkoa wetu tangu zamani wameishi kwa visima. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo mito mingi hubaki mchanga mtupu. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa shabaha kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na wengi wetu tulikuwa tungali shule ya msingi tulipofundishwa kupitia redio na vikundi vya kusoma kwamba maji yachemshwe na yachujwe. Tuliingia sekondari tukiwa na imani moja thabiti: maji yaliyochujwa ni maji mema. Naomba imani hiyo mwikumbuke, kwa kuwa ndiyo iliyotuponza.

Shuleni kwetu palikuwa na maji ya aina mbili. Kulikuwa na maji ya mvua, yaliyotoka juu ya bati la bwalo na kuingia katika tangi la saruji. Hayo yalikwisha mapema, na aghalabu kufikia mwezi wa sita ufunguo wa tangi lile ulikuwa umekwisha kufungiwa ofisini. Kisha kulikuwa na maji ya kisima. Haya hayakukauka, lakini yalikuwa magumu. Sabuni ya kipande iliisha kabla ya shati kutakata, na badala ya povu palikuwa na utando wa kijivu juu ya karai. Birika la walimu liliota ukoko mweupe ndani kama chokaa. Na maharage! Yaliwekwa jikoni alfajiri, na saa sita mchana yalikuwa bado yanagonga sahani.

Mpishi wetu alikuwa na dawa yake. Alitia magadi. Kijiko kimoja cha magadi katika sufuria kubwa, na baada ya saa moja maharage yalilegea. Sisi tuliona ni ufundi wa jikoni tu. Kumbe mzee yule alikuwa akifanya kazi ambayo wakemia wa Ulaya waliisumbukia kwa muda mrefu.

UGUMU WA MAJI NA WALIOULAINISHA

Ugumu wa maji hutokana na madini mawili hasa, kalsiamu na magnesiamu. Maji yakipita katika mawe na udongo huyayeyusha na kuyachukua. Sabuni ikikutana nayo huungana nayo ikawa utando, ndipo povu likakosekana. Maharage nayo hushikwa na kalsiamu katika ngozi yake, yakakataa kulegea. Magadi huikamata kalsiamu ile na kuiangusha chini kama vumbi jeupe, na mahali pake huacha sodiamu, ambayo haina ugomvi na sabuni wala na maharage. Huko ndiko kulainisha maji.

Mwaka 1841 mkemia wa Aberdeen, Thomas Clark, alipata hataza ya kulainisha maji kwa chokaa. Jambo hili hushangaza, kwamba chokaa iondoe chokaa, lakini ndivyo ilivyo: chokaa mbichi kidogo huivuta ile iliyoyeyuka na zote mbili zikazama. Karibu na 1850 Waingereza wengine wawili, H. S. Thompson na J. Thomas Way, waligundua kwamba udongo wa kawaida wa shamba una tabia ya kupokea chembe za namna moja na kutoa za namna nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Robert Gans akaitumia tabia hiyo kutengeneza mitambo ya kulainisha maji. Hadi leo mtambo wa nyumbani wa kulainisha maji hufanya kazi hiyohiyo: huichukua kalsiamu na kutoa sodiamu, na ukichoka huoshwa kwa maji ya chumvi. Wenye viwanda na wenye injini za mvuke waliupokea kwa furaha, maana ukoko ule ule wa birika la walimu wetu ukishika ndani ya boila hula kuni na makaa, na mwisho huipasua.

Uchujaji una historia yake tofauti. Mwaka 1829 James Simpson alijenga London machujio makubwa ya mchanga. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua maelfu ya watu mjini Hamburg, ambako maji ya mto yalinywewa bila ya kuchujwa, ilhali mji jirani wa Altona, uliochuja maji yake kwa mchanga, uliumia kidogo tu. Miaka hiyo hiyo yalitokea machujio ya nyumbani yenye mshumaa wa udongo, ambayo wengi wetu tunayajua: ndoo mbili, moja juu ya nyingine, na mshumaa mweupe katikati. Mshumaa ule huzuia tope na vijidudu. Hauzuii kilichoyeyuka. Ugumu hupita, chumvi hupita, na kitu kingine nitakachokitaja baadaye hupita pia.

Tofauti hii kati ya kuchuja na kulainisha hatukufundishwa, au tulifundishwa tukasinzia. Kwetu sisi maji yalikuwa mabaya au mazuri, basi.

TANGI LA KIOO

Ufugaji wa samaki katika kioo nao ulianza kama swali la kemia. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki, majani ya majini na konokono katika chombo kimoja, na wakaishi bila ya kubadilishiwa maji kila mara: majani yalitoa oksijeni, konokono walikula uchafu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza jina la akwaria. Kitabu cha namna hiyo, cha zama za baadaye sana na kilichokosa jalada, ndicho tulichokuwa nacho katika kabati la maabara mwaka 1976.

Tangi letu lilikuwa la lita kama 80, vioo vilivyoshikwa kwa fremu ya chuma na kuzibwa kwa puti. Mwalimu wa Biolojia alilikabidhi kwa mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu ambaye sote tulimwita Bwana Samaki. Sitalitaja jina lake. Yeye anajijua, nanyi mnamjua. Alitoka kijiji cha upande wa bondeni, na alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, alijua kukaa kimya mbele ya kitu hadi akielewe. Ya pili, hakucheka bila ya kuziba mdomo kwa mkono, kwa sababu meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka ncha.

Alizoea kutuambia, kwa fahari, kwamba maji ya kisima cha kwao ni bora kuliko ya shule. Ni maangavu, alisema, ni matamu, na ukitia sabuni kidogo tu povu linafurika. Tulimwonea wivu.

Perege wa kwanza, wadogo sita, tuliwatoa katika bwawa la maji ya mvua lililokuwa nje ya mji, tukawatia katika maji yale yale ya bwawa. Wiki mbili waliishi vizuri. Lakini maji yalikuwa ya matope na wageni hawakuwaona samaki. Ilikuwa inakaribia siku ya wazazi. Tukakaa kikao. Kitabu chetu kilisema kwamba samaki wa kufugwa hupenda maji laini. Hatukujua kwamba ukurasa ule ulihusu samaki wa mto Amazon. Maji ya mvua yalikuwa yamefungiwa. Kwa hiyo mimi, ndugu zangu, nilitoa shauri la werevu: tuchukue maji ya kisima, tuyapitishe katika chujio la mshumaa la walimu, kisha tuyalainishe kama mpishi anavyoyalainisha. Bwana Samaki alisita. Alisema samaki hawajaomba kubadilishiwa. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi, na kiranja hapingwi. Tukatia vijiko viwili vya magadi. Maji yalikuwa maangavu kama kioo chenyewe, na samaki walionekana hata mistari.

Kufikia jioni walikuwa juu, wanatweta, midomo nje ya maji. Asubuhi wote sita walikuwa wamegeuka matumbo.

Mwalimu alikuja, akachovya karatasi ya kupimia, akaitazama, akatutazama. Akasema maneno mawili matatu ambayo yakawa msemo wa shule kwa miaka: “Samaki si maharage.”

Kisha akatueleza. Samaki hutoa taka yake kwa njia ya matamvua, nayo ni amonia. Katika maji ya kawaida sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyodhuru sana. Maji yakiwa na umagadi mwingi, amonia ile ile hugeuka kuwa sumu. Hatukuongeza taka hata chembe. Tuliigeuza tu kuwa sumu. Zaidi ya hayo, mwili wa samaki umezoea kiasi fulani cha madini ndani na nje, na ukimbadilishia ghafla hupata mshtuko, hata kama maji mapya ni safi. Maji ya mvua matupu nayo yangeweza kuwaua, kwa kuwa hayana madini ya kuzuia maji yasichachuke.

Bwana Samaki hakusema neno. Siku ya Jumamosi alikwenda ziwani Singidani na debe, akarudi na perege wanne. Safari hii aliwaweka katika maji ya ziwa, na kila siku alitoa kikombe kimoja cha maji ya ziwa na kutia kikombe kimoja cha maji ya kisima, magumu, bila magadi, bila kulainisha. Ilimchukua zaidi ya mwezi. Samaki wale waliishi hadi tulipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1977, na tulipoondoka tuliwaachia wadogo zetu.

Leo najua kwa nini walivumilia. Ziwa Singida, pamoja na Manyara, Eyasi na Kitangiri, ni katika maziwa machache yenye perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, samaki aliyezaliwa kwa maji ya chumvi na magadi. Ndugu yake wa Ziwa Magadi, Kenya, huishi katika maji yenye pH karibu 10, ambapo 7 ndiyo katikati. Mwaka 1989 wanasayansi walitangaza kwamba huyo wa Magadi hatoi amonia kama wenzake, bali huigeuza kuwa urea, ile iliyomo katika mkojo wetu. Maji ambayo yangemuua wa bwawani kwake ni nyumbani.

ORODHA YA MENO

Sasa nafika penye deni.

Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukaguzi: kucha, nywele, shuka, meno. Kiranja wa usafi nilikuwa mimi, na daftari nilishika mimi. Kwa muhula mzima niliandika jina la Bwana Samaki katika orodha ya meno machafu. Adhabu yake ilikuwa kuchota maji ya jikoni, na kabla ya hapo kusugua meno mbele ya bweni kwa mkaa na mchanga mpaka mimi niridhike. Sikuridhika, maana madoa hayakutoka. Siku moja ufizi ulivuja damu nikamwambia aendelee. Aliniambia kwa sauti ya chini, “Kiranja, nimezaliwa nayo.” Nikaandika: mbishi.

Mtazameni katika picha yetu ya 1977, mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kulia. Wote tunacheka. Yeye ameziba mdomo.

Mwaka 1994 nilipelekwa kikazi Arusha. Nilikaa chini ya Mlima Meru nikaona watoto wa shule wakipita, nao wana meno yale yale. Nikamuuliza mganga mmoja wa meno, naye akanijibu kama mtu anayejibu swali la kila siku: floraidi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa na kandokando yake, toka Arusha, Kilimanjaro na Manyara hadi Singida, Shinyanga na Mwanza, mahali pengi yana floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yangali yanaumbika ndani ya ufizi, meno huota yakiwa na madoa. Hakuna mswaki, mkaa wala mchanga utakaoyatoa. Akinywa nyingi zaidi kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa.

Tena si jambo lililogunduliwa juzi. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia, akaanza kutafuta sababu. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji akaikuta: floraidi. Kwa hiyo nilipokuwa nikimsugulisha mwenzangu meno mwaka 1976, jibu lilikuwa na umri wa miaka 45.

Hata hapa nchini lilijulikana. Mwaka 1974 Serikali iliweka kiwango cha muda cha maji ya vijijini, ikaruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita moja. Shirika la Afya Duniani mwaka 1984 lilipendekeza isizidi 1.5. Wasomaji wasihukumu haraka. Kama kiwango cha 1.5 kingeshikwa siku zile, visima vingi vingefungwa, na watu wangerudi kwenye madimbwi. Ilikuwa ni kuchagua kati ya kuharisha leo na meno ya kesho. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na mwishoni mwa miaka ya 2010 kikafika 1.5.

Nami nikakumbuka yale maji matamu ya kijijini kwao. Hapa ndipo habari ya samaki na habari ya meno zinapokutana. Kalsiamu, ile inayoyafanya maji kuwa magumu, huishika floraidi na kuizuia isiyeyuke kwa wingi. Maji yakipoteza kalsiamu yake ardhini na kupata sodiamu mahali pake, yaani yakilainishwa na mawe yenyewe, floraidi hupata nafasi ya kuongezeka. Maji yale maangavu, matamu, yenye kutoa povu kwa sabuni kidogo, aliyojivunia Bwana Samaki, ndiyo yaliyomharibu meno. Maji yetu magumu, tuliyoyalaani kila siku ya kufua, kwa jambo hilo yalikuwa na heri. Hata magadi ya mpishi si ya kuaminiwa moja kwa moja: wachunguzi wa meno wa miaka ya 1990 walionyesha kwamba magadi mengine ya kupikia hapa nchini yamebeba floraidi nyingi.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nami naongeza, kwa ruhusa yenu: hujui na kilichomo.

MACHUJIO YA LEO

Je, elimu hii ina faida gani sasa? Nitaeleza kwa mfano wa nyumbani. Mjukuu wangu anaishi Dar es Salaam na ana tangi la samaki sebuleni, la kisasa, lenye taa. Miaka miwili iliyopita alinipigia simu akilia: amewatia samaki wake maji ya mtambo wa jikoni, yale masafi kabisa ya kunywa, na wanakufa. Samaki wenyewe walikuwa wa Ziwa Tanganyika.

Nilimwambia alichoniambia mwalimu, kwamba samaki si maharage. Mtambo wake ni wa namna inayosukuma maji kwa nguvu kupita katika utando mwembamba sana, hata madini karibu yote hubaki nyuma. Ziwa Tanganyika lina maji magumu kiasi, na pH yake hukaribia 9. Samaki wa huko wakitiwa katika maji yaliyovuliwa madini ni kama mtu wa Singida kupelekwa barafuni na shati moja. Tangu miaka ya 1970, wakati Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha samaki hao kutoka Bujumbura kwenda ng'ambo, wafugaji wa Ulaya wenye maji laini wamelazimika kununua chumvi za madini na mchanga wa matumbawe ili kuyafanya maji yao yawe magumu. Naam, sisi tulihangaika kulainisha, wao wanalipa fedha ili wapate ugumu.

Basi nilimwandikia orodha fupi, ambayo naiweka hapa kwa faida ya wenye watoto na wajukuu. Chujio la mshumaa huondoa tope na vijidudu, halibadilishi ugumu. Chujio la mkaa huondoa dawa ya klorini, ambayo huwaunguza samaki matamvua. Maji ya bomba yenye klorini ya kawaida yakilazwa ndooni wazi siku nzima nayo hupungukiwa. Kuchemsha huangusha sehemu tu ya ugumu, ile inayobaki kama ukoko. Mtambo wa kulainisha kwa chumvi hauyapunguzi madini, huyabadilisha tu: samaki wa Tanganyika hukosa kalsiamu yao, na wa Amazon, wanaopenda maji laini, hupewa sodiamu wasiyoitaka. Maji ya mtambo wa utando ni mema kwa wale wa Amazon, lakini yarudishiwe madini kidogo. Na badiliko lolote liende kikombe kwa kikombe.

Kwa floraidi, ndugu zangu, mshumaa haufai, na kuchemsha huzidisha, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki. Yanayofaa ni mitambo ya utando, au mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Mtanzania mwenzetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na elimu ya chembe ndogo mno, na linalotengenezwa kufuata uchafu wa maji ya mahali husika. Tazameni neno hilo: ya mahali husika. Hilo ndilo alilolijua Bwana Samaki na kikombe chake.

DENI

Nimesikia kwamba kamati ya mkutano inakusanya michango kwa ajili ya shule. Naomba kabla ya kununua mtambo wowote tulipie kwanza kipimo cha maji ya kisima, ugumu wake na floraidi yake, ndipo tujue tunataka kuondoa nini. Naomba pia tangi la maji ya mvua litengenezwe, liwe la kunywa tu, maana mvua haina floraidi. Kisima kifulie na kupikia, kama kipimo kitaruhusu. Na ikibaki fedha kidogo, tununue vioo na puti.

Mwisho, Bwana Samaki. Nasikia utakuja mwaka huu, baada ya kutoonekana kwa mikutano mingi. Nasikia ulikuwa mwalimu, na kwamba katika shule zako zote hukuruhusu ukaguzi wa meno mbele ya bweni. Mimi ndiye niliyekuandika katika daftari. Sikukuuliza swali hata moja, nami nilikuwa nimekuona jinsi unavyowauliza samaki wako kwa kikombe. Ulikuwa msafi kuliko sisi wote, na mbishi nilikuwa mimi. Nakuomba radhi.

Picha itapigwa tena siku ya pili ya mkutano, saa nne asubuhi, mbele ya maabara. Nitasimama mstari wa nyuma, wa nne kutoka kulia. Nafasi ya tatu nitaishika mpaka ufike.

Ni mimi,
Kiranja wa Usafi wa zamani,
Kidato cha Nne, 1977